Madoa ya Ubavu wa Kushoto

Faili la mdogo wangu lilifika mezani kwangu Jumanne asubuhi. Lilikuwa la tatu kutoka juu, na nililitambua kabla sijasoma jina, maana mwandiko wake umelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Ombi la kibali cha utafiti. Mnyama: fisi madoa. Shughuli: kuwalaza fisi wanane kwa sindano ya usingizi, kuwavika kola za redio za kuwafuatilia, kuwapima na kuwaachia. Muda: wiki saba za kiangazi, kabla majani hayajarefuka. Mtafiti: yeye.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mafaili kama hayo. Chumba namba sita, ghorofa ya pili, meza ya chuma, feni iliyogoma kugeuka upande wangu, na dirisha linalotazama mahali pa kuoshea magari. Kila aliyetaka kugusa mnyama wa porini, awe profesa mwenye mvi au mwanafunzi aliyeanza juzi, karatasi zake zilipita kwangu kwanza. Nilisoma barua, nikahesabu viambatisho, nikagonga mhuri, nikapeleka kwa mkurugenzi. Kwa miaka tisa niliwaruhusu watu waende kwa tembo, kwa nyani, kwa bundi, kwa mijusi. Mimi mwenyewe sikuwa nimekwenda hata kwa panya.

Na mimi ndiye niliyeanza.

Nasema hivyo ili mnielewe. Nikiwa na miaka minane nilikuwa na makopo kumi na moja chini ya kitanda: fuvu la paka, meno ya panya buku, gamba la nyoka, manyoya ya kunguru niliyoyapanga kwa urefu. Mama alikuwa mkunga, hakutishwa na kitu chochote. Badala ya kunigombeza alinibandika jina la Mama Mifupa, na jina likaganda. Mdogo wangu, niliyemtangulia kwa miaka minne, hakuweza kuingia chumbani mpaka nifunike makopo yote. Akiona mjusi ukutani, yeye juu ya meza. Tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza.

Nilisomea zuolojia chuo kikuu. Nilitaka kuwa mwanabiolojia wa wanyamapori na sikutaka kitu kingine. Nilipohitimu nilisailiwa mara mbili na Profesa mmoja mwenye mradi wa fisi. Mara ya kwanza aliniuliza, "Kwa nini fisi?" Nilikuwa na jibu la kurasa arobaini kichwani, lakini ulimi ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Nikasema, "Kwa sababu nawapenda." Akaandika kitu, akanishukuru. Mara ya pili nilijiandaa zaidi, nikasema machache zaidi. Ndipo nikachukua kazi ya ofisini. Mwaka mmoja tu, nilisema, nijipange.

Chiriku aliingia zuolojia kwa sababu alama zake hazikutosha udaktari. Alilia siku mbili. Mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha unyayo wa mbwa na wa paka, mimi ndiye niliyemshika mkono alipopasua chura wa kwanza. Baada ya miaka mitano akaenda kusailiwa na Profesa yuleyule. Akaulizwa kwa nini fisi, akaongea dakika ishirini bila kupumua, akawavunja mbavu watu wote mle chumbani. Alipotoka akanipigia simu akipiga vigelegele hata nikaishika simu mbali na sikio. Nilimpongeza. Kisha nikaenda chooni pale ofisini, nikafungulia bomba ili nisisikike.

Baba ni fundi saa. Kibanda chake kina kioo mbele, na kwenye kioo hicho, juu ya mikanda ya saa, alibandika picha ya Chiriku amepiga magoti porini, kichwa cha fisi aliyelala kikiwa mapajani mwake. Mteja akiuliza, Baba huvua ile lenzi yake jichoni na kuanza kusimulia, saa ya watu imelala wazi mezani. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta yuko katikati ya simulizi. Mteja akanitazama. "Na huyu mwingine?"

"Huyu yuko ofisini," Baba alisema.

Hakuwa na nia mbaya. Alisema kama mtu anavyosema kiti kiko sebuleni. Lakini yalinikata maini.

Chiriku naye hakunirahisishia. Jumapili moja alileta wenzake wa mradi nyumbani, wameungua jua, viatu vyao vimejaa vumbi jekundu, wanacheka kwa vichekesho ambavyo lazima uwe ulikuwepo ndipo uvielewe. Akanikumbatia mbele yao. "Huyu ndiye mlango wetu. Dada asipogonga mhuri, sisi sote hatuna kazi." Wakacheka. Alikuwa ananisifu, najua. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Basi siku ile ya Jumanne nililisoma faili lake ukurasa kwa ukurasa, polepole kuliko faili lolote nililowahi kusoma. Nilikuwa natafuta kitu. Nikakipata kwenye kiambatisho cha nne: barua ya daktari wa wanyama ilikuwa na sahihi, haikuwa na mhuri. Kosa la kawaida kabisa. Kwa mtu mwingine ningepiga simu, angekuja kabla ya saa sita mchana na kazi ingekwisha. Nilishika simu. Nikairudisha. Nikaandika "Halijakamilika" kwenye kikaratasi, nikakibandika juu ya faili, nikavuta droo ya chini ninamoweka viatu vyangu vya mvua, nikalilaza humo.

Siku mbili tu, nilijiambia. Ajue kungoja kukoje.

Alikuwa amerudi nyumbani kusubiri kibali, na kila jioni nikivua viatu mlangoni aliniwahi. "Dada, faili langu limefika wapi?"

"Liko kwenye mzunguko."

"Mzunguko gani huo hauna mwisho?"

"Ndiyo maana unaitwa mzunguko," nilijibu, na Mama akacheka, nami nikacheka. Sitaficha: nilipomwona amejikunyata kwenye kochi, mtu wa porini amekosa pori, kuna kitu ndani yangu kilijinyoosha na kupumua. Siku mbili zikawa wiki.

Wiki ya pili Profesa alimtumia kazi ya kumshughulisha. Zilikuwa picha elfu kumi na moja kutoka kamera zilizofungwa kwenye miti, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Alitakiwa kumtambua kila fisi na kumpa namba. Chiriku aliweka kompyuta yake juu ya meza ya kulia chakula, akajaza kitambaa cha plastiki makombo ya biskuti, akaanza kulalamika.

"Wote wanafanana! Dada, njoo uone huyu. Ni namba tisa au namba kumi na nne?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Niliinama. Picha za wale wawili alikuwa amezifungua pembeni. "Si tisa wala si kumi na nne. Tazama hapa begani, madoa matatu yamekaa kama mafiga. Namba tisa ana mawili."

Akatazama. Akaleta picha nyingine. Akanyamaza, jambo ambalo kwake ni kama mtu mwingine kuzirai. "Umeonaje?"

"Yanaonekana tu."

Na kweli yalionekana. Sijui niseme vipi. Madoa ya fisi hayafanani kwa wanyama wawili, na ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, kwa hiyo kila fisi lazima umjifunze mara mbili. Kwangu ilikuwa kama kusoma mwandiko. Jioni ile nilivuta kiti. Kesho yake nikatoka ofisini mapema kuliko nilivyowahi kutoka. Tuliwapa majina kwa sababu namba zilitukinaisha: Shangazi, aliyetangulia kila mahali kifua mbele, Nusu Sikio, Bibi Harusi, aliyetembea kwa madaha, Mkaguzi, aliyenusa kila kamera kabla ya kupita. Mama akipita na ndoo anauliza, "Shangazi leo yuko wapi?" kama anauliza jirani.

Jumamosi moja niligundua kwamba namba kumi na saba, ambaye mradi ulimhesabu kwa miaka miwili, alikuwa fisi wawili. Mtu alikuwa ameunganisha ubavu wa kushoto wa mmoja na ubavu wa kulia wa mwingine. Nilizipanga picha sita kwenye kioo cha kompyuta na kumwonyesha Chiriku. Nilikuwa na miaka thelathini na nne na sikumbuki furaha nyingine kama ile, nimekaa kwenye kiti kibovu, makombo ya biskuti kwenye viwiko.

"Dada," alisema taratibu, "wewe una balaa."

"Mwambie Profesa."

"Nitamwambia," alisema.

Mtaniuliza: na faili? Faili lilikuwa bado kwenye droo, chini ya viatu vya mvua. Kila asubuhi nilipanga kulitoa. Lakini likitoka, Chiriku angeondoka, na picha zingeondoka naye. Mwanzoni nililificha kwa sababu sikutaka awe na alicho nacho. Sasa nililificha kwa sababu nami nilikuwa nimekionja.

Jumatano ya wiki ya nne, Profesa mwenyewe alipanda ngazi hadi chumba namba sita. Alikuwa amezeeka kidogo, ameshika kofia yake kifuani. Alisalimia kwa heshima zote, akakaa kwenye kiti cha wageni kilichopinda mguu, wala hakunikumbuka.

"Mama, nimekuja kwa unyenyekevu," alisema. "Kiangazi kinaniponyoka. Majani yakirefuka siwezi kumlenga fisi. Naomba uniambie faili limekwama wapi."

"Linashughulikiwa," nilisema. Goti langu lilikuwa linagusa droo.

"Nakushukuru. Sikusumbui kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya huyu binti." Akasogea mbele, uso ukamchangamka. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, sijaona jicho kama lake. Amekaa nyumbani wiki mbili, ametambua fisi arobaini na mmoja. Akanigundulia kwamba namba kumi na saba ni wanyama wawili! Mimi mwenyewe nilikosea, nikachapisha, hakuna aliyeona. Nilimuuliza amejuaje. Unajua alinijibu nini? 'Yanaonekana tu, Profesa.'"

Dirishani nilitazama gari lililokuwa linaoshwa chini, jeupe, na maji yenye povu yakitiririka kuelekea mtaroni. Nilitaka kupiga meza na kusema ni mimi. Lakini ningesemaje, wakati faili lake lilikuwa nusu hatua kutoka gotini kwangu? Nilimsindikiza Profesa hadi mlangoni, nikamwambia asijali.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Chiriku alikuwa mezani, penseli nywelini. "Afadhali umekuja. Nina mmoja hapa ananichanganya..."

"Mtambue mwenyewe," nilisema. "Si una jicho?"

Penseli ilianguka. Hakuuliza nimesikia wapi. "Dada, nilikuwa nitamwambia."

"Lini?"

"Aliponipigia alikuwa amefurahi sana. Akanisifu kabla sijafungua mdomo. Halafu nikaona..."

"Wewe? Wewe ulikosa nafasi ya kufungua mdomo? Tangu uzaliwe?"

"Basi nisikilize!" Akasimama, na sauti yake ikapasuka. "Unajua kusoma nyuma yako kukoje? Kila mwalimu: 'Wewe ndiye mdogo wake Mama Mifupa? Mbona huna kichwa chake?' Mimi sina jicho lako wala kumbukumbu yako. Nina mdomo tu. Nimepata kitu kimoja duniani ambacho wewe huna, kimoja, na wewe umekuja na kikombe chako cha chai ukakichukua kwa wiki mbili. Nilikuonea wivu mpaka nikaumwa tumbo!"

Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kunionea wivu mimi. Ningekuwa mtu mwema, maneno yale yangenilainisha. Badala yake yalinipandisha.

"Una kitu kimoja?" nilisema. "Hata hicho nimekushikia mimi. Faili lako halijaenda popote. Liko kwenye droo yangu chini ya viatu vya mvua, tangu siku ya kwanza. Lilikosa mhuri mmoja. Mmoja tu. Ningekupigia simu ukaleta siku ileile."

Nilidhani atapiga kelele. Alikaa tu, mikono mapajani, akawa anahesabu. Niliona midomo yake ikitaja wiki moja moja.

"Nne," alisema. "Zilikuwa saba."

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani. Katika maisha yake amewazalisha wanawake ambao idadi yao haijui, na sijawahi kumwona akikosa la kufanya. Siku ile alitutazama mmoja baada ya mwingine, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Asubuhi nililipeleka faili kwa mkurugenzi kwa mikono yangu. Nilimweleza yote, nimesimama, bila kujitetea. Alisikiliza akizungusha kalamu. Alimpigia daktari wa wanyama, mhuri ukaletwa saa nne, kibali kikatoka saa nane mchana wa siku ileile. Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa ndogo. Mimi nilipewa barua ya onyo kali na kuhamishiwa masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha, nipange mafaili ya miaka iliyopita. Mkurugenzi aliniambia nishukuru. Nilishukuru.

Chiriku aliondoka kesho yake bila kuniaga. Mvua zikawahi. Katika wanyama wanane waliwavika kola watatu.

Miezi mitano hatukusemeshana. Akija nyumbani, mimi nina kazi masijala. Nikirudi, yeye amekwisha kulala. Baba, ambaye hakuambiwa kitu, alituuliza kwa nini nyumba imekuwa kimya kama saa iliyokatika springi. Usiku... la, hata mchana, katikati ya rafu za chuma na harufu ya karatasi zilizochakaa, nilikuwa nafumba macho na kuyaona madoa. Nilikuwa nimewakosa. Nilimwonea wivu zaidi kuliko zamani, kwa kuwa sasa nilijua hasa ninachokionea wivu. Zamani ilikuwa picha ya kwenye kioo cha kibanda. Sasa ilikuwa bega la Mkaguzi.

Siku moja, baada ya saa ya chakula cha mchana, mlango wa masijala uligongwa. Alikuwa Chiriku, amekonda, bahasha kubwa kifuani. Alibaki kizingitini.

"Nimekuja kikazi," alisema.

"Karibu kikazi."

Akaeleza akiitazama sakafu. Fisi mmoja aligongwa na lori kwenye barabara inayokata hifadhi. Chiriku aliitwa kumtambua. Akasema ni Shangazi, jike mkuu wa ukoo. Profesa akaandika taarifa: jike mkuu amekufa, sasa tutazame nani anashika nafasi yake. Taarifa ikasambazwa kwa watafiti wenzake wote. Baada ya wiki tatu kamera ikampiga picha Shangazi akipita kifua mbele na mtoto nyuma yake, mzima kama mimi na wewe.

"Profesa akaniita," alisema. "Akaweka picha mbele yangu, akasema, hebu nionyeshe ulivyofanya na namba kumi na saba. Nikakaa pale. Sikuona kitu, Dada. Niliona fisi tu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yote. Jicho ni la nani. Na kwa nini nililiiba." Akanyanyua macho. "Akaniuliza, 'Sasa huyo dada yako yuko wapi?' Nikamwambia ni yule aliyekalia faili letu. Nisingeweza kumwambia nusu."

Nilinyoosha mkono nikapokea bahasha. Mzoga ulikuwa umepigwa picha pande zote mbili. Nilitazama ubavu wa kushoto tu.

"Huyu si Shangazi," nilisema. "Ni Bibi Harusi."

Chiriku akafunika mdomo kwa kiganja. Tulikuwa hatujamwona fisi yule akiwa hai hata mmoja wetu, lakini tulilia kwa ajili yake, kila mtu upande wake wa meza.

Profesa alinipokea ofisini kwake Ijumaa. Hakuniambia nikae. Aliweka picha ishirini mezani, akakunja mikono. Nilizitambua kumi na tisa. Ya ishirini nilimwambia siwezi, mnyama ametazama kamera na ubavu hauonekani. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, kisha akanikazia macho.

"Sura yako siyo ngeni. Si ya pale kwenye vibali. Kabla."

"Ulinisaili mara mbili."

"Nilikukataa?"

"Mara mbili."

Akazikusanya picha, akazipanga, akazigonga mezani ziwe sawa. "Umenipotezea kiangazi," alisema. "Sitasahau, na wewe usijisahaulishe. Lakini nami nimepoteza miaka tisa kwa kutojua kuuliza maswali. Nina nafasi ya mwaka mmoja. Utakuwa chini ya mdogo wako. Yeye ndiye kiongozi wa kazi za porini, ukikataa amri yake umekataa yangu. Na karatasi yoyote ya kibali huigusi."

"Chini ya mdogo wangu," nilirudia.

"Unaweza?"

Sikuweza. Huo ndio ukweli. Nilijibu, "Naweza," nikaandika barua ya kuacha kazi jioni hiyohiyo kabla roho yangu haijapata nafasi ya kujadiliana nami.

Fisi wa kwanza tuliyemlaza nikiwepo alikuwa dume kijana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado majanini. Daktari wa wanyama alifyatua sindano kutoka dirishani mwa gari. Fisi akaruka, akaenda hatua arobaini, akakaa kama mlevi, akalala. Chiriku alikuwa wa kwanza kushuka. Yule mtoto wa kupanda meza kwa kuogopa mjusi alimwendea bila kusita, akampaka dawa machoni yasikauke, akamfunika uso kwa kitambaa, akaweka mkono kifuani kuhesabu pumzi.

"Dada, shika kamera. Ubavu wa kushoto kwanza. Sogea, unamzibia daktari mwanga. Sogea tena."

Nilisogea. Nilipiga picha. Fisi alinuka kuliko nilivyowahi kusoma kitabuni, na manyoya yake yalikuwa makavu na magumu kama brashi. Nilimgusa bega, doa kwa doa. Nilikuwa nimengoja jambo hilo tangu nikiwa na miaka minane, na nilidhani likifika nitasahau yote mengine.

Sikusahau. Nilimtazama Chiriku akitafuta mshipa kwenye mguu wa mbele, vidole vyake vyepesi, hana wasiwasi, anamtania daktari huku sindano inaingia pale pale ilipotakiwa na damu inapanda kwenye kichupa. Mimi nisingeweza. Pale pale, nimepiga magoti kwenye umande, roho iliniuma kama siku ile ya simu ya vigelegele.

Alinyanyua macho akaniona. Ananijua huyu. Mikono yake ikatulia.

"Ni nini?" aliuliza.

"Umefanyaje hivyo?"

"Nini?"

"Mshipa. Mimi siuoni."

Daktari alitazama saa yake, akasema tuna dakika kumi na nane kabla mnyama hajaamka. Chiriku alifikiri kidogo. Kisha akachukua sindano mpya, akaifungua, akajivuta kando kunipisha nafasi.

"Weka kamera chini," alisema. "Tunahitaji kichupa cha pili. Leta kidole gumba hapa, juu ya kiwiko. Bonyeza. Si hivyo, unamtekenya. Bonyeza kweli."

Nilibonyeza. Chini ya ngozi kitu kikavimba taratibu, laini, kikinywea kidole kilipolegea. Nilichoma, nikakosa.

"Tena," alisema mdogo wangu.